Neno la Wabeba Vioo

Chumvi ya mawe ikitupwa motoni: ndiyo sauti. Mlio mkavu, mdogo, wa kupasukapasuka, unaokwisha kabla sikio halijaamua umetoka wapi. Sura nyingi za miaka ile Fundi amezisahau, lakini sauti ile hakuisahau. Hata leo mkewe akikaanga kitu na tone la maji likaangukia mafuta, yeye hutoka akasimama uani, mikono mfukoni, akisubiri jikoni kunyamaze.

Zamani mkewe angemuuliza ana nini. Siku hizi hufunika sufuria.

Alikuwa fundi wa vioo, kama baba yake. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza iliyotandikwa zulia kuukuu ili kioo kisikwaruzike, na kando ya ukuta vioo vimeegemeana kama watu waliochoka foleni. Alifanya kazi na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana mwenye mdomo usiotulia na mikono iliyotulia. Wote wawili waliitana Shemeji, na wateja wakachukua jina hilo kwa yule mdogo, na kwa mkubwa wakabaki na Fundi.

Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili, na wabeba vioo wana sheria yao. Baba yake Fundi aliwafundisha hata kabla ya kuwaruhusu kushika kikatio. Mkono ukilegea, jasho likiteleza, mgongo ukikataa, sema. Usione haya, usijikaze kiume. Sema "Naachia!" kwa sauti. Na mwenzako akisikia neno hilo haulizi kwa nini, hakosoi, hajaribu kukiokoa kioo. Anakisukuma kando na kuruka mbali. "Kioo kitanunuliwa kingine," mzee alikuwa akisema, "mshipa wa mkono haununuliwi." Katika miaka yao yote ya kazi Shemeji alikuwa amelipaza neno lile mara kadhaa, mara moja kwa sababu ya nyuki. Fundi hakuwahi kulisema. Watu walimsifu kwa hilo.

Mwaka ule alipomzika baba yake, alikuja karakanani mtu mmoja mwembamba, shati limenyooka, maneno yake ya upole. Alileta mirija ya kioo, mirefu, akataka ikatwe vipande vya urefu wa kidole.

"Ya nini?" Fundi akauliza.

"Mapambo."

Fundi akakata. Lakini mrija uliokatwa huacha mdomo mkali, na yeye hakuwa mtu wa kutoa kazi yenye makali. Akakaa na jiwe la kunolea na maji, akasugua kila kipande, ncha hii na ncha ile, hadi ungeweza kukipitisha kwenye shavu la mtoto.

"Shemeji," yule mdogo akamtania, "shanga hizo anavaa nani, tembo?"

Mtu wa Mirija akacheka nao. Akarudi tena, na tena. Na siku moja mchana, Shemeji akiwa ametumwa kupima madirisha ya watu, Fundi akauliza tena: hasa, ya nini? Alikuwa hajalala vizuri tangu mazishi. Yule mtu akamtazama kwa huruma, huruma ya kweli pengine, akatoa mrija mmoja na kijiwe cheupe kama kipande cha sabuni iliyokauka.

"Onja kazi ya mikono yako, Fundi."

Kijiwe kikapasukapasuka motoni kama chumvi ya mawe. Kokeini iliyopikwa ikawa jiwe haichelewi. Ikivutwa kwa moshi hupita mapafuni ikafika kichwani kabla mvutaji hajatoa pumzi. Kwa muda wa kikombe cha chai kupoa, Fundi hakuwa na kaburi la kukumbuka wala mgongo wa kuuma. Kisha kile kitu kikaondoka, na kilipoondoka kilibeba na kile kidogo alichokuwa nacho kabla. Akabaki chini ya pale alipoanzia. Akataka kurudi. Huo ndio mtego wote, wala hauna ufundi mwingine: dawa hupandisha kidogo na kushusha sana, na aliyeshushwa hajui ngazi nyingine ila ileile.

Mwanzoni alijipa moyo. Mlevi ni yule anayelala mtaroni. Mimi nina karakana. Nitaacha mwezi ukiisha. Miezi ikaisha, na yenyewe haikumngoja.

Nyumbani vitu vikaanza kuota miguu. Pasi ikatembea. Redio ikaifuata pasi. Cherehani tu ndiyo iliyosalia, kwa kuwa mkewe, mshonaji, alikaa nayo mchana na usiku akaufunga mlango wa chumba chake. Mume akawa anarudi macho yamemtoka, midomo ina malengelenge, nguo zinanuka plastiki iliyoungua. Chakula hakigusi. Suruali ikawa inashikiliwa na mkanda na matumaini.

"Mwambie huyo bibi akupikie," mkewe akasema, "maana kwangu huli."

"Hakuna bibi."

"Basi mwambie huyo asiyekuwepo akushonee suruali."

Mtu aliyeujua ukweli alikuwa Shemeji. Aliinua zulia la meza kulipiga vumbi akakuta mrija wenye ncha nyeusi. Hakutania. Fundi alimshika mikono yote miwili.

"Dada yako akijua, nyumba yangu imekufa. Niapie."

Shemeji akaapa. Aliamini anaiokoa ndoa ya dada yake. Kwa hiyo dada akaendelea kumtafuta mwanamke ambaye hakuwepo, na mdogo mtu akaendelea kuzungumza sana juu ya mambo mengine yote.

Kisha Fundi akaanza kuogopa vioo. Aliona watu ndani yake. Wanapita, wanasimama, wanamsoma. Siku moja Shemeji alifika kazini akakuta kila kioo kimebandikwa magazeti, na shemeji yake ameketi katikati ya chumba, akikohoa makohozi yenye weusi kama ya mtu aliyelala jikoni.

"Wanatuchungulia," Fundi akanong'ona.

"Nani?"

"We hujawaona?"

Shemeji aliyabandua magazeti moja baada ya jingine, polepole. Hakusema kitu kwa dada yake, kwa sababu alikuwa ameapa.

Ikaja kazi ya dirisha la ngazi, katika shule moja ya ghorofa. Kioo kirefu kuliko mtu, kizito, cha kupandishwa kwa mkono. Fundi mbele, juu. Shemeji nyuma, chini. Asubuhi ile Fundi alikuwa amekwisha kuvuta.

Walipofika kwenye kona ya ngazi kifua kilimbana. Hakikuwa kichomi anachokijua. Ilikuwa kana kwamba mtu amemkalia. Maumivu yakateremka bega la kushoto, yakaingia mkononi, na vidole vikawa vya mtu mwingine. Jasho baridi likamtoka. Neno lilikuwa pale, herufi chache tu. Lakini akilisema ataulizwa una nini, na akiulizwa una nini, je? Akauma meno, akapanda ngazi moja zaidi.

Shemeji, chini, alimwona kupitia kioo: uso umekuwa wa majivu.

"Shemeji? Shemeji, sema!"

Hakusema. Mkono ukaachia wenyewe.

Kioo kilimpitia Shemeji kwenye mkono, kikaenda kumalizikia ukutani kwa kishindo kilichowatoa walimu madarasani. Mwenye damu alikuwa kijana, na aliyelala chini alikuwa Fundi, akishika kifua, macho yameganda darini.

Hospitalini walimlaza kitandani, wakambandika nyaya kifuani. Mkewe alifika akiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Mdogo wake alikaa ukutani, mkono umefungwa bendeji. Daktari, mama mmoja wa makamo mwenye macho ya usingizi mfupi, alitazama karatasi ya mapigo ya moyo, akamtazama mgonjwa, akaitazama midomo yake iliyoungua.

"Anatumia kitu chochote? Sigara, pombe, kingine?"

"Hapana," mkewe akasema. "Ni kazi nyingi. Na vidonda vya tumbo."

"Ndiyo," Fundi akasema kwa shida. "Tumbo."

Daktari akavuta kiti. "Mama, mimi siyo polisi. Nauliza kwa sababu mishipa ya moyo wake imebanwa. Ziko dawa za kutuliza moyo unaokwenda mbio, nzuri kabisa kwa watu wengine, lakini mtu aliyevuta kokeini ukimpa zinaweza kuzidi kumbana. Nataka kujua nimpe ipi. Nataka kujua sasa."

Mashine kando ya kitanda ilikuwa ikilia haraka, bila mpango. Mke akamtazama mume. Mume akafumba macho.

Shemeji akasimama.

"Anavuta," akasema. "Mawe. Asubuhi hii amevuta. Dada, nisamehe. Niliapa."

Daktari alikwisha kugeuka, anaagiza dawa nyingine. Mke hakulia. Alitoa futi shingoni, akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kijiwe, ikatoweka ndani ya ngumi yake.

"Kumbe," akasema, "nilikuwa namwonea wivu moshi."

Fundi alinusurika. Daktari alikuja siku ya pili akaketi, akawaeleza wote watatu bila kupamba. Moyo umejeruhiwa, lakini utapona ukiachwa upone. Kokeini huukimbiza moyo huku ikiibana mishipa inayoulisha. Ni kama kumpiga punda mbio huku umemkaba koo. Inaweza kuupasua mshipa kichwani pia, mtu akapata kiharusi akiwa kijana. Mapafu yamechomeka kwa moshi. Na mirija inayopita mdomo hadi mdomo, kwenye midomo yenye vidonda, hupitisha magonjwa. Wakampima homa ya ini na kifua kikuu.

"Na nikivuta tena?" Fundi akauliza. Aliuliza kama mtu anayeulizia bei.

"Mara nyingine unaweza usifike hapa. Sikutishi. Nakwambia nilichokiona kwenye karatasi."

"Basi nipe dawa ya kuacha."

"Ningekuwa nayo ningekupa. Kwa wanaotumia heroini kuna dawa ya kunywa inayosaidia. Kwa hii yako bado haijapatikana. Lakini watu wanaacha. Kuna mtu utazungumza naye."

Siku za mwanzo baada ya kutoka alilala kama gogo, akaamka kula kama mtu aliyetoka jela, akalala tena. Kisha likaja giza la moyo. Dunia nzima ilikuwa haina ladha. Mkewe alikuwa ameambiwa hali hiyo itakuja na hapaswi kumwacha peke yake. Basi akaileta cherehani chumbani, akashona kando ya kitanda. Mlio wa cherehani ulikuwa mrefu, laini, hauna kupasukapasuka.

Mshauri nasaha wa kliniki alikuwa mwanaume mnene, mchangamfu, aliyependa kuketi kwenye kona ya meza. Alimfundisha kuvijua vichocheo vyake: mahali, watu, saa, harufu, sauti. Akamfundisha kuvikwepa kwanza, maana ushujaa ni wa baadaye. Kila alipofika alipimwa mkojo, na ukiwa safi alichota karatasi moja kwenye kikapu akapata zawadi ndogo: sabuni, majani ya chai, siku moja bakuli la plastiki.

"Shemeji," yule mdogo akasema alipoliona bakuli, "nimefanya kazi miaka yote hii sijapewa hata kijiko. Kumbe nilitakiwa nikojoe!"

Mke alicheka hadi akashika ukuta. Kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu ngazi za shule. Na bakuli likawekwa juu ya kabati, pale ilipokuwa redio.

Fundi aliteleza mara moja. Alikutana na harufu mtaani, akaifuata kama mtu anayeota, akarudi jioni akatapika mlangoni. Mkojo ukasema. Mshauri hakumfukuza; alimwambia kuteleza siyo mwisho wa safari, mradi mtu aseme ameteleza wapi.

"Tamaa haidumu, Fundi. Inapanda, inafika kileleni, inashuka. Kazi yako siyo kupigana nayo. Kazi yako ni kutokaa nayo peke yako mpaka ishuke. Mwambie mtu."

"Nimwambie nini?"

"Neno lolote. Likiwa linatoka."

Hapo ndipo palipomshinda. Katika kikundi cha kliniki wenzake walieleza, walilia, walichekana. Yeye alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akapanga viti. Wote walimpenda. Hawakuwahi kusikia habari yake.

Alirudi karakanani kwa masharti: mirija haikatwi tena pale, na haachwi peke yake. Shemeji, mkono wake una kovu refu kama mstari wa kikatio, alilishika sharti hilo kama dini. Hata chooni alimsindikiza hadi nusu ya njia, akipiga mluzi.

Lakini lori la vioo halipangi saa na mtu. Lilifika asubuhi moja, likasimama uani nyuma, na dereva akaanza kupiga honi kama anayezaa. Shemeji akatoka kupokea. "Nakuja sasa hivi," akasema. "Usiondoke hapo."

Fundi hakuondoka. Kivuli kikaingia mlangoni. Shati limenyooka.

"Fundi. Nimesikia uliumwa. Pole sana, ndugu yangu."

"Nimeshapona. Mirija sikati tena."

"Nani kasema mirija? Nimekuja kukujulia hali." Akaweka kitu mezani, juu ya zulia: karatasi ya foili iliyosokotwa, ndogo kama kifungo cha shati, yenye kijiwe ndani. "Si lazima. Ya pole tu." Akatoka na adabu zake zote.

Mate yalimjaa Fundi mdomoni. Masikioni, bila moto, bila chumvi, ile sauti ilianza. Akakumbuka, wala hakuwa ameiita kumbukumbu hiyo, kwamba nyuma ya fremu kuukuu za pembeni kuna mrija mmoja ulioanguka siku nyingi. Alijua uko pembe ipi. Alijua kiberiti kiko droo ipi. Moyo ulikuwa ukigonga pale palipojeruhiwa.

Mkono ulinyooka. Alitaka kuitupa ile karatasi nje. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mkono ukaitia mfukoni.

"Shemeji!" sauti ikaita uani. "Njoo tushike hiki kimoja, dereva huyu ana haraka ya kuoa!"

Akaenda. Wakakishika kioo, mmoja huku, mmoja kule. Kilikuwa kipana, safi, hakina doa. Kupitia hicho alimwona kijana akirudi kinyumenyume, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama kawaida yake, kovu linang'aa kwa jasho. Alimwona ananyanyua macho. Macho yale yakasimama usoni pake, yakatulia hapo.

"Uko sawa?"

Fundi akayahamishia macho miguuni. Hatua kwa hatua wakavuka uwanja, wakaingia mlangoni, wakakiinamisha, wakakiegemeza ukutani taratibu mpaka kikakubali. Mfukoni ile karatasi ilimchoma kama kaa la moto. Shemeji alipangusa viganja kwenye suruali, akaelekea tena mlangoni, kwenye honi.

Ilikuwa rahisi. Angemwacha aende. Kioo kilichobaki kwenye lori kilikuwa kidogo, cha mtu mmoja.

"Naachia," Fundi akasema.

Shemeji akageuka kwa kasi, akakitazama kioo. Kimesimama. Akaitazama mikono ya shemeji yake. Mitupu.

"Unaachia nini? Hatujashika kitu."

Nje honi ililia, ikalia tena. Fundi aliingiza mkono mfukoni, akautoa, akaufungua kiganja. Karatasi ya foili ilikuwa juu yake. Kijana aliona, na mguu wake mmoja ukarudi nyuma kwa mazoea ya miaka yote ya kazi, kama alivyofundishwa, kama sheria inavyotaka.

"Naachia, shemeji," Fundi akasema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba honi karibu iimeze. "Lakini usiruke."